Hakuna aliyeingia ndani kuangalia nyumba, kodi ya majengo imepanda, halafu wa kuthibitisha ni mimi

Wadau nina hasira. Notisi ya uthamini, ile inayotaja thamani ya nyumba wanayopigia hesabu ya kodi, imekuja, thamani ya nyumba wameirusha juu mpaka nikaisoma mara mbili, wakati nyumba ni ileile na sijaongeza hata tofali. Nikasema ngoja niombe karatasi yao, ile yenye ukubwa, idadi ya vyumba, mwaka wa ujenzi na hali ya jengo. Kuipata tu ni vita! Unaambiwa nenda dirisha lile, ukifika kule faili liko kwa mtu ambaye hayupo, na huku muda wa kupeleka pingamizi unahesabiwa kuanzia tarehe iliyochapwa kwenye notisi, siyo siku barua ilipokufikia mkononi.

Nilipoipata ndo nikachoka kabisa. Kibaraza cha mbele ambacho hakina hata ukuta wamekijumlisha kwenye eneo la ndani. Stoo isiyo na dirisha imeandikwa chumba cha kulala. Hali ya jengo wameandika nzuri, na ukuta wa nyuma una ufa unaopitisha kidole kuanzia kwenye linta mpaka chini. Wanachofanya ni kuchukua mauzo ya eneo zima, wanaingiza kwenye kompyuta, inatoa thamani za nyumba zote kwa mpigo. Sawa, naelewa nyumba ni nyingi na wathamini ni wachache, ila mkikosea vipimo rekebisheni wenyewe, kwa nini gharama ya kosa lenu niibebe mimi?

Maana ukienda kulalamika kwamba kodi ni kubwa na huiwezi, hawakusikilizi, kinachobishaniwa pale ni thamani, siyo bili. Kwa hiyo ni mimi nitafute vipimo, picha, makadirio ya fundi ya kuziba huo ufa, na bei za nyumba zinazofanana na yangu zilizouzwa kweli karibu na tarehe ya uthamini, bei za kwenye matangazo hawazitaki. Na bado kodi yenyewe unatakiwa uilipe wakati rufaa inasubiri, la sivyo faini inaanza.

Kinachoniuma zaidi ni usawa. Chukulia nyumba mbili zenye bei moja sokoni, moja imethaminiwa kwa asilimia 80 ya hiyo bei na nyingine asilimia 100, kiwango cha kodi ni kilekile. Huyu wa pili analipa robo zaidi ya mwenzake, kila mwaka, mpaka uthamini mwingine uje. Huo ni uonevu, na wengi wanalipa kimyakimya kwa sababu hawajui kama hiyo karatasi unaweza kuiomba.

Pingamizi nimeshapeleka kwa maandishi na nakala yangu imegongwa muhuri. Sitaki kupunguziwa kwa huruma, nataka mtu aje na tepu apime.

Aliyewahi kufika mbele ya bodi ya rufaa naomba aniambie: walikubali vipimo na picha zako mwenyewe, au walikulazimisha ulete ripoti ya mthamini binafsi? Maana na huyo naye anataka hela.