Modeli ya mmomonyoko inapishana na tunachopima shambani, nifanyeje?

KahawaElgon: Wakuu habari zenu. Niko Bududa, Uganda, kwenye mlima Elgon, tunapima maji na udongo unaotoka kwenye ploti za kahawa na migomba, mteremko mkali balaa. Nimetumia RUSLE, ile modeli ya kukadiria udongo unaomomonyoka, na data za mvua ya satelaiti za CHIRPS, imeniletea udongo mwingi mno kuliko tunaoupata kwenye mapipa ya kukinga maji chini ya ploti, halafu zile mvua kubwa za mwezi wa nne hazionekani popote. Msimamizi anasema nishushe tu ile C, namba ya jinsi mimea inavyokinga udongo, mpaka namba zilingane. Moyo unakataa, maana ramani hii ndiyo wakulima wataambiwa nani achimbe matuta ya fanya juu na nani aache.

MajiMteremko: Ndugu, RUSLE inatoa wastani wa mwaka, mvua moja moja utaitafuta bure. Asili yake ni USLE, ile ya ploti za Marekani, ploti ya mfano ikiwa na urefu wa mita 22.1 na mteremko wa 9%, sasa wewe unaipandisha Elgon. Na pikseli ya CHIRPS ni kama kilomita 5, mvua ya jioni inapiga kijiji hiki inaruka cha pili. Weka kipima mvua hapo hapo kwenye ploti.

NabushaweB: Mimi C nisingeigusa kabla ya kuangalia mapipa. Wanakoroga kwanza? Udongo mzito unakaa chini, ukichota juu unapata maji ya rangi tu. Koroga na fito mpaka chini kabisa, chota yakiwa bado yanazunguka.

KahawaElgon: Asante dada, nitasimama nao nione. Mvua ikizidi mapipa yanafurika, siku hizo nizitoe?

NabushaweB: Usitoe!! Hizo ndizo zinabeba udongo mwingi. Andika "limefurika", namba yake ni ya chini kuliko ukweli.

Ssebo_Udongo: Ukitaka kurekebisha C gawa ploti, nusu rekebishia, nusu ficha ndo ujaribie modeli, halafu piga Nash-Sutcliffe, alama ya modeli inavyolingana na vipimo: 1 ni sawasawa kabisa, chini ya 0 bora utumie wastani wa vipimo tu. Usidai ilingane kabisa, hata ploti mbili zinazopakana zenye mimea ile ile zinatofautiana. Na kwenye ramani andika kwa herufi kubwa kwamba haihusu maporomoko, RUSLE haiyajui kabisa. Watu wa Bududa waliozika ndugu zao baada ya maporomoko ya kijiji cha Nametsi 2010 wakiona kwao kumepakwa kijani watadhani wameambiwa wako salama.