Umeshakatwa PAYE (kodi ya mshahara) kazini, vijipesa vya kazi ya pembeni navyo vianzie asilimia 30?

Wadau, hii stori hurudi kila Juni watu wakianza kukimbizana na KRA, wale wa kukusanya ushuru Kenya, kabla ya tarehe 30, na pale kazini kwetu juzi watu nusura wakosane. Kuna wanaosema ukishakatwa PAYE umemalizana na serikali, kazi za usiku na wikendi ni jasho lako, wakuwachie. Wengine wanasema mapato ni mapato. Mimi niko upande wa kulipa, lakini vile tunalipishwa naona si haki hata kidogo, na naomba tuongee na hesabu mkononi.

Chukua msee analipwa 60,000 kwa mwezi hapa Nairobi, usiku anadizaini posta na logo za watu, inaingia kama 15,000 kwa mwezi kwa M-Pesa. Mwaka ni 180,000. Toa WiFi ya kazi 3,000 kila mwezi, hiyo ni 36,000, halafu laptop alinunua 60,000 ya hiyo kazi peke yake, sheria inamruhusu atoe robo mwaka wa kwanza, 15,000. Faida inabaki 129,000. Sasa hapa ndio wengi hupotea, wanadhani hiyo 129,000 inaanza chini kwa asilimia 10 kama mshahara ulivyoanza. Haianzi. Ile 24,000 ya kwanza ya mwezi inayokatwa asilimia 10 imeliwa na mshahara, ile 8,333 inayofuata ya asilimia 25 pia imeliwa na mshahara, rilifu (punguzo la kodi la kila mwezi) ya 2,400 imeisha huko huko kwa pesilipu. Kwa hivyo shilingi ya kwanza kabisa ya kazi ya pembeni inaingilia kwa asilimia 30. Anadaiwa 38,700. Na hiyo pesa mwisho wake ni Aprili 30, Juni 30 ni ya kufaili ritani (fomu ya mapato ya mwaka) tu, mtu akingoja Juni ndio alipe anakuta faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi inamngoja.

Sasa angalia mwenye duka anayeuza bidhaa za milioni 1.2 kwa mwaka. Yeye yuko kwa TOT, kodi ya mauzo ya biashara ndogo, asilimia 3 ya mauzo, 36,000 basi. Msee wa logo aliyeona 180,000 mwaka mzima analipa zaidi ya mtu aliyeshika milioni 1.2! Na huko kwa TOT msee wa logo amefungiwa nje mara mbili: inaanzia mauzo ya zaidi ya milioni 1, na hata angefika huko, ada za kazi za kitaaluma haziruhusiwi kwa TOT. Semeni wadau.

Mhasibu, Ngong Road: Ndugu hiyo hesabu ya msee wa logo iko sawa lakini ya duka umeiacha nusu. Hiyo milioni 1.2 si pesa yake, nyingi inarudi kwa holseli. Duka la kawaida likibakisha asilimia 10 faida ni 120,000, na 36,000 ya 120,000 ni asilimia 30 ile ile. Wakati mwingine faida ni chini ya hapo na TOT bado inamkata. Pia ukiwapa mafrilansa asilimia 3, kesho kampuni zitafuta watu kazi Ijumaa na kuwarudisha Jumatatu kama makonsaltanti.

Mtafsiri, Umoja: Mimi kwa kweli shida yangu si hata asilimia. Kuna mteja mmoja kila akinilipa zaidi ya 24,000 anakata ile asilimia 5 ya withholding, kodi ambayo mlipaji anakata na kupeleka KRA kwa niaba yako, sawa, sheria inamtaka akate. Lakini nikiingia iTax, mtandao wa KRA, kutafuta cheti cha hiyo pesa sikioni, kumaanisha alikata akakaa nayo, na bila cheti siwezi kuitoa kwa deni langu. Sasa nalipa mara mbili juu ya mtu mwingine. Nimempigia mpaka nimechoka, kila siku ni "iko kwa finance". Mbona mimi ndio nimfuate na KRA ndio wana nguvu ya kumfuata?

Kijana wa Rongai: Kulipa ni kujipeleka. Juni 25, 2024 tulienda tao tukapigwa teargas na risasi, watu wakafa, kesho yake Mswada wa Fedha wa kodi mpya tuliokuwa tunaupinga ukaondolewa, halafu mnakuja kutufunza vile tutajikata wenyewe? Hospitali haina dawa. Mimi nachagua ritani ya mshahara peke yake nafunga iTax.

Aliyeanzisha: Wa Rongai, hasira yako naielewa na ni yetu sote, lakini kilichoondolewa ni mswada wa 2024, hizi asilimia tunazoongelea zilikuwepo kabla. Na ukichagua ritani ya mshahara peke yake wakati mwenye kukulipa amekata withholding kwa PIN yako (namba yako ya KRA), jina lako liko kwa sistemu tayari, barua itakuja tu.

Mhasibu, ya faida ya duka nakubali. Lakini mwenye duka akiona TOT inamuumiza anaruhusiwa kuandikia kamishna atolewe, alipe kwa faida. Ana mlango wa kuchagua. Msee wa logo hana. Ninachotaka ni mlango huo huo: aliyeajiriwa, na mapato yake ya pembeni hayapiti tuseme 300,000 kwa mwaka, achague asilimia 3 ya kila kilichoingia au asilimia 30 ya faida. Na kuzuia ule ujanja wa makonsaltanti, pesa kutoka kwa mwajiri wako wa sasa au wa mwaka uliopita isihesabiwe hapo.

Na ya dada wa Umoja iingie pia: mwenye karatasi ya malipo inayoonyesha amekatwa asilimia 5 ahesabiwe amelipa, KRA wamtafute aliyekaa na pesa. Mswada wa Fedha ukifika bungeni kamati huita maoni ya wananchi, mimi naandika hayo mawili. Mhasibu, nisaidie maneno ya hicho kipengele cha mwajiri kisiwe na tundu.