Banda la turubai la kuhamishika hapa Tabora: ninunue lipi na nalifungaje upepo usiondoke nalo?

Asali_Ipuli
Wakuu habari za saa hizi. Niko Tabora mjini, Ipuli, nimepanga nyumba yenye uwanja mkubwa tu ila mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kujenga, hata msingi wa tofali mbili kasema hapana. Sasa nina toyo ya mizigo (pikipiki ya magurudumu matatu), nina ndoo za asali natoa Sikonge na Urambo, na wife ana magunia ya pumba za kuku, vyote vinalala nje tumefunika turubai na matofali juu yake. Nimeona yale mabanda ya fremu ya mabomba na turubai, la futi 10 kwa 20, unaunganisha mwenyewe na ukihama unafungua unaondoka nalo. Ila kuna jirani alikuwa nalo la hivyo hivyo, mvua za mwanzo za Novemba zile zinazotanguliwa na upepo na vumbi, likanyanyuka zima zima likavuka ukuta likaenda kutua uani kwa watu, ashukuriwe Mungu hakukuwa na mtoto nje. Kwa hiyo naombeni mwongozo, linunuliwe lipi na linafungwaje kwenye huu mchanga wetu? Nawasilisha.

FundiGrili_TBR
Mkuu mengi yanayoruka yameshakufa tangu dukani. Ukifika usiangalie rangi, mwambie muuzaji akutolee bomba moja uangalie mdomo wake, ukiona ukuta wa bomba mwembamba kama wa milimita moja hivi ukilikanyaga linabonyea, achana nalo. Tafuta la inchi moja na nusu lenye unene wa milimita 1.5 kwenda 2. Halafu angalia maungio, mengi yanachomekwa tu na kile kitufe cha spring, sasa upepo ukivuta kwenda juu bomba linachomoka unabaki na miguu imesimama paa limeondoka. Ukishanunua pitisha drili kila ungio weka boliti na nati, bomba lisizunguke. Na uweke mshazari (kipande cha bomba cha kukata kona kwa ulalo) kila kona, watu wanausahau sana, bila mshazari banda linayumba kulia kushoto mpaka boliti zinakula tundu.

Mimi kwa ushauri wangu (najua mtasema navutia kwangu) fremu ichomelewe hapa hapa mjini kwa skwea paipu, vipande vipande vya kufunga kwa boliti, turubai ushonewe na wale wanaoshona maturubai ya malori. Yale ya bluu mepesi ya plastiki ya kusuka, gramu 150 au 200 kwa mita ya mraba, jua la Tabora la kuanzia Juni mpaka Oktoba linayamaliza, ukiligusa Novemba linachanika lenyewe. La PVC la lori ni gramu 500 kwenda juu, zito kubeba lakini linavumilia.

kijana_wa_isevya
Tabora yote miembe, funga kamba kwenye mwembe umemaliza. Mnamsumbua jamaa na boliti

FundiGrili_TBR
Mwembe unacheza dogo. Upepo ukipiga tawi linaenda huku banda linaenda kule, kamba inakatika au inang'oa bomba. Na radi za huku kwetu unazijua, bora banda likae mbali na mti mrefu kabisa, na watu wasiende kujikinga humo mvua ikiwa na radi.

MamaMahema
Kaka Asali pole na kazi. Mimi nakodisha mahema ya harusi na misiba, kulala na wasiwasi wa upepo ndiyo maisha yangu 😅

Kwanza achana na mambo (vigingi vya kufungia kamba) zinazokuja kwenye boksi, vile vichuma vya urefu wa kiganja ni vya bustani za watu wenye udongo wa mfinyanzi. Za kwetu tunakata nondo ya milimita 16, karibu mita nzima, tunapinda kichwa iwe ndoano. Unaipigilia kwa nyundo kubwa ikiwa imelala kidogo, kichwa kinaangalia nje mbali na banda, ncha inaenda chini upande wa banda, hapo kamba ikivuta inazidi kuizamisha badala ya kuichomoa. Vijana wangu wapya wote wanaanza kwa kuzisimamisha wima, au mbaya zaidi wanazilaza kufuata kamba, hapo umempa upepo njia. Kamba ishuke kwa mlalo, ikisimama sana haina kazi.

Mambo za mti usithubutu. Mchwa wa huku anakula kwa chini wewe unaona kichwa kizima kabisa, siku ya siku unavuta kinatoka kijiti.

Ila nikuambie ukweli, kiangazi mchanga mkavu nondo inashika kidogo, ila mvua ikishaloanisha ardhi vizuri inateleza kama imepakwa mafuta. Na banda lako si la siku moja kama hema la harusi, litakaa hapo masika yote. Kwa hiyo nondo ziwe za nyongeza, kitu kikubwa kifukiwe. Chimba shimo la kufika kiunoni kasoro, laza tairi chakavu, pitishia mkanda wa lori ule wenye kikazio cha chuma, fukia huku unashindilia na kumwagia maji kidogo kidogo. Tairi halioti kutu wala mchwa halitaki.

Ticha_Uyui
Naongezea hesabu kidogo maana watu wanadhani banda zito haliruki. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari mara nyingi wanasema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Upepo wa hivyo unasukuma kama kilo 7 au 8 kwa kila mita ya mraba. Sasa ukifika 80 hausukumi mara mbili, unasukuma mara nne, kilo 31 hivi. Banda lako ni mita 3 kwa 6, paa mita za mraba 18 ukilihesabu kama bapa, kwa hiyo kwenye 40 unapambana na kilo 140 na kwenye 80 ni zaidi ya kilo 550. Fremu na turubai lake sidhani vyote vinafika kilo 100.

Na hiyo ni kama umefunga pande zote. Ukiacha mlango wazi upande upepo unakotokea unaingia ndani unajaza, unasukuma paa kwa chini huku wa juu nao unalinyonya, ni mwavuli unaogeuka huo. Upepo wa kiangazi huku unatoka sana mashariki na kusini mashariki, basi upande mfupi uelekee huko na mlango uwe upande wa pili. Dhoruba za mvua ndio hazina adabu zinatoka popote, mawingu yakianza kuwa meusi funga kote. Zipu usiiamini, ongeza kamba.

Asali_Ipuli
Aisee asanteni, hii ya mambo kulala nilikuwa najua kinyume. Maswali mawili, kilo 550 kwa mashimo mangapi? Na kuna mtu kaniambia nijaze zege kwenye ndoo niziweke kwenye miguu, sio zege la ardhini kwa hiyo mwenye nyumba hana neno, hiyo ikoje?

Ticha_Uyui
Weka nanga 8, yaani mashimo 8 ya kufukia, kona nne na mbili mbili kila ubavu mrefu, kila moja inabeba kama kilo 70. Lakini upepo haugawi sawa, kona inavutwa zaidi, mimi ningepigia mara mbili, kilo 140 kila moja. Ndoo ya lita 20 ya zege iliyojaa ni karibu kilo 48, ukiiweka juu ya ardhi haitoshi na inaburuzika. Madumu ya maji ndio kabisa, dumu la 20 ni kilo 20 tu na wiki ya pili watu washachota maji 😂

MamaMahema
Ndoo ya zege ni nzuri ukiizika kaka. Tumbukiza ndoano ya nondo kabla zege halijakauka, ifike mpaka chini ya ndoo na ipindwe, zika ndoo nzima udongo uje juu, ule udongo nao unakuwa mzigo. Ukihama unachimbua unaondoka nazo, shimo unafukia, mwenye nyumba ataona nini? Kona weka tairi, ubavuni weka ndoo, nondo moja moja ya msaada.

nyuki_wa_miombo
Wote mmeongea banda hamjaongea asali. Ndugu yangu humo ndani saa nane mchana wa Septemba kunachemka, turubai la rangi nzito ndio usiseme. Asali ikikaa kwenye joto la nyuzi 40 kwenda juu siku baada ya siku inakuwa nyeusi, ladha inaondoka, na mnunuzi anayepima maabara anaikataa. Toyo na pumba ziende bandani, asali ibaki ndani ya nyumba hata kama ni chini ya kitanda. Ukilazimika basi turubai jeupe, uwazi wenye wavu juu kwenye pembetatu zote mbili za mbele na nyuma hewa ipite. Na pumba ziwe juu ya chaga, chini ya chaga usiache takataka, panya.

Asali_Ipuli
Hapo umeniokoa, asali inarudi ndani leo leo, wife atanielewa tu. Fundi nakuja pm unipigie hesabu ya fremu. Kuna la kuzingatia wakati wa kuvalisha turubai?

FundiGrili_TBR
Karibu. Paa liwe na mgongo wa kutosha, usikubali bapa, mvua ya milimita 10 tu ikituama juu ya mita za mraba 18 ni lita 180, bomba linapinda usiku mmoja. Chimba na mfereji kuzunguka maji yasipite chini kulainisha nanga zako.

Turubai usilifunge kwenye fremu kwa waya wala kamba ngumu, kata mpira wa tyubu ya baiskeli vipande, pitisha kwenye vile vitundu vyenye duara la chuma zungusha kwenye bomba. Upepo ukipiga mpira unavutika, kitundu hakichaniki. Mikanda ya nanga ipite juu ya paa kutoka ubavu hadi ubavu ikamate fremu, isikamate turubai peke yake, na pale inapogusa kona ya chuma weka kipande cha tyubu isisagike. Ukimaliza kukaza usijisahau, mvua ya kwanza ikipita udongo unatitia, mikanda yote inalegea, toka asubuhi yake na ukaze tena upya.

kijana_wa_isevya
Nimekubali yaishe, mwembe naufungia mbuzi. Dada Mahema hizo nondo unapindia wapi, na mimi nina banda la bajaji linapiga kelele kila usiku

MamaMahema
Kwa mafundi wowote wa kuchomelea hapo karibu na wewe, mpe kipimo cha mita moja na umwambie ncha aichonge. Kelele za usiku ni turubai limelegea, likaze kesho maana likipiga piga hivyo ndio linachanika kwenye mshono.