Picha za eksirei za kiuno zina chenga: niongeze kV au mAs?

Mlima_Rungwe:
Wakuu, habari za jioni. Kituo kipo Tukuyu, mashine ya eksirei ina mA (mkondo wa tyubu inayotoa miale) 100 na 200, kaseti zinasomwa na kompyuta. Picha ya kiuno ya ubavu kwa mtu mnene, 75 kV (msukumo wa umeme kwenye tyubu) na 32 mAs (mA mara sekunde), inatoka chenga tupu. Nikipanda hadi 100 kV chenga zinapungua ila picha nzima inakuwa kijivu, pingili hazijitengi na nyama. Nishike kipi?

Kihesa77:
Mkuu, hapo umeongeza miale inayofika kwenye kaseti kama mara nne. Kila kV ikipanda kwa asilimia 15, ni sawa na kuzidisha mAs mara mbili, na toka 75 hadi 100 ni hatua mbili za namna hiyo. Tofauti ni kwamba mAs inabadili wingi wa miale tu, wakati kV inabadili wingi pamoja na nguvu ya kupenya. Miale yenye nguvu sana inapita kwenye mfupa na kwenye nyama karibu sawasawa. Ukijivu wako unaanzia hapo, kisha miale inayotawanyika ndani ya tumbo nene inaumalizia.

Jaribu 85 kV na 64 mAs. Kaseti itapata karibu kiasi kilekile, ila pingili zitaonekana. Bana kolimeta (milango ya kupunguza upana wa miale) ibaki kwenye uti wa mgongo, na ulaze kipande cha mpira wa risasi mezani nyuma ya mgongo. Gridi, yaani wavu wa kuzuia miale iliyotawanyika, ni lazima.

Mlima_Rungwe:
Gridi ipo, ila kingo mbili za picha zinafifia.

Kihesa77:
Zikiwa nyeupe kabisa, gridi imegeuzwa juu chini. Zikififia kidogo, umbali kati ya tyubu na gridi sio ule iliyotengenezewa. Soma ulioandikwa kwenye fremu.

Makambako_Juu:
Umbali huohuo ndio unaoharibu picha nyingi za vifua. Chati ya vipimo ikiwa ya sentimita 100 nawe unapiga kwa 180, miale inapungua mara 3.24, kwa hiyo mAs 4 inatakiwa iwe 13. Tumia mA 200 kwa sekunde 0.065, sio mA 100 kwa 0.13. Wingi ni uleule, ila moyo unapata muda mfupi wa kutikisa picha.

Halafu usidanganywe na kioo. Kompyuta inasawazisha mwanga yenyewe, hivyo mgonjwa akizidishiwa miale picha inatoka nzuri tu, tena laini. Angalia namba ya kipimo cha miale inayotokea kila picha. Kwa Fuji, namba ya S ikishuka miale imezidi. Kwa wengine ni kinyume, soma kitabu cha mashine yako.

Mlima_Rungwe:
Asanteni. Mbona mchana chenga zinarudi kwa vipimo vilevile?

Kihesa77:
Kuna mashine ya kusaga kwenye transfoma yenu? Umeme ukishuka kV inashuka nao, na filamenti (waya wa moto ndani ya tyubu) ikipoa kidogo tu mA inaanguka sana. Tazama mita ya umeme kwenye paneli kabla ya kubonyeza, urekebishe kama mashine ina kitasa chake. Usifidie kwa kubahatisha mAs, maana umeme ukirudi vizuri mgonjwa anayefuata anapigwa zaidi ya kipimo. Ikiendelea, mwite fundi mwenye kifaa apime kV halisi inayotoka kwenye tyubu.