Dila na wateja wa kila siku kwenye meza ya poka: tupeane uzoefu wa kuheshimiana (na kukoseana)

Bibi wa Shupaza
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepanda mwendokasi pale Kivukoni, nimesimama zangu, nikasikia nyuma yangu, "Mwanangu, umenisahau?" Kugeuka, mzee wa kiti namba 1. Miaka sita sijamwona, tangu niache udila, ile kazi ya kugawa karata kasino. Nimefika nyumbani hata jiko sijawasha, nimekaa nawaandikia.

Waliofanya kazi hii, na nyie mliokuwa mnatukalia mezani mpaka alfajiri, tuambiane. Mliishije na wateja wale wale kila siku? Naanza mimi.

Kiti namba 1 ndicho kile cha kushoto kwa dila, ubavuni kabisa. Karata za anayekaa pale ziko njia moja na karata zinazotupwa. Ndiyo maana wazoefu huweka chipu (kile kidude kinachosimama badala ya pesa) au kitu chochote juu ya karata zao. Huyu mzee aliweka ufunguo wa gari. Siku zote. Usiku ule ufunguo alikuwa amempa dereva akatafute chakula.

Jumamosi, saa tisa kasoro usiku, blaindi (dau za lazima) 2,000 na 5,000. Mezani zimelala mfalme wa kopa, tisa ya kopa na mbili ya pau. Kijana wa kiti namba 6, mfanyabiashara wa Kariakoo, akasukuma chipu zake zote. Zamu ikamfikia mzee. Akasema "nakuja", chipu zake zote ndani. Tukifunga hesabu, kama milioni 3 na laki 4. Akabaki wa kiti namba 2, akatupa zake kwa hasira, zikaruka zikaenda kulalia karata za mzee. Mimi nikazoa zote kwa mkono mmoja, kama nilivyofanya mara elfu, nikazitia kwenye rundo la zilizotupwa.

Sikujua nilichofanya. Nilijua pale mzee aliponyoosha mkono kufunua karata zake akapapasa kitambaa kitupu.

Supavaiza akaitwa. Mzee anasema alikuwa na wafalme wawili, pamoja na yule wa mezani watatu. Kijana anasema hata yeye anaweza kusema alikuwa na wafalme. Kamera ziko juu, haziwezi kusoma karata iliyolala kifudifudi. Na sheria ya meza mnaijua: kulinda karata ni kazi ya mwenye karata, zikishaingia kwenye rundo zimekufa. Mzigo ukaenda kiti namba 6.

Mzee hakufoka. Laiti angefoka. Alisema tu, "Mwanangu, umeniua," akaomba maji. Zamu yangu ilikuwa imebakiza dakika nane. Nikagawa hizo dakika nane mikono inatetemeka, kisha nikagonganisha viganja, nikavigeuza kamera zione sina kitu, nikaenda kulia chumba cha kubadilishia nguo.

Na kinachoniuma mpaka leo: yule mzee nilikuwa namwamkia. Kila anapokaa, "Shikamoo mzee," "Marahaba mwanangu."

Ngoja Waje
Ngoja waje wajuzi.

Dalali wa Riva
Pole dada. Ila kosa ni lako. Dila anatakiwa kuangalia nani bado yuko mchezoni kabla ya kuzoa.

Bibi wa Shupaza
Sijakataa kosa. Barua ya onyo nilipewa na nikaisaini.

Kopa Saba
Hiyo ya shikamoo mimi ilinitokea puani. Nilimwamkia mteja aliyekuwa rika la baba yangu, mteja mwingine akaacha chipu zake akasema, "Huyu dila ana mjomba wake hapa, mimi sichezi." Supavaiza akaniita pembeni: mezani hakuna baba mdogo wala mjomba, kuna namba za viti. Sasa wewe umezaliwa Tanga, umefundishwa kuamkia tangu hujui kuvaa kandambili, unamwambiaje mzee wa miaka 70 "kiti namba 4, zamu yako"? Nikabuni njia: naamkia meza nzima. "Shikamooni." Wachina wakawa wanaitikia "marahaba" hata wale vijana wa miaka 25.

Niko Kadi (Nairobi)
Nimecheka hadi nikatoa machozi. Huku kwetu Kenya ukisema poka watu wanafikiria ile ya kutupa kadi hadi ubaki na moja useme "niko kadi". Mimi niliingia kasino Westlands kwa mara ya kwanza nikijua ni hiyo. Nikapewa kadi mbili. Nikangoja. Nikamuuliza dila, "Madam, zingine zangu ziko wapi?" Meza yote kimya. Yule dada hakucheka hata kidogo. Aliinama akaniambia polepole, "Hizo ndizo zako. Tano zitakuja katikati, ni za kila mtu." Hiyo ndiyo heshima mimi naijua. Ningekuwa yeye ningeanguka kwa kicheko.

Dalali wa Riva
Hakucheka kwa sababu alikuona mbuzi wa kuchinjwa, alitaka ukae.

Niko Kadi (Nairobi)
Nilichinjwa, ndiyo. Lakini kwa adabu.

Kiti cha Tisa
Mimi niko upande wa wachezaji, tena mteja wa miaka 11. Niwaambie madila ukweli: mna watu wenu. Mteja anayetoa bakshishi akifikiria dakika tatu mnamsubiri, asiyetoa mnamwitia saa, ahesabiwe muda. Na kuna dila mmoja ana mkono mbaya, akikaa tu mimi nainuka. Kwa mwezi mzima hakunipa esi mbili hata mara moja.

Hesabu Haidanganyi
Kiti cha Tisa, esi mbili zinakuja wastani mara moja katika mikono 221 (mkono ni mgao mmoja wa karata). Meza ya kawaida inagawa mikono kama 30 kwa saa. Maana yake ukae zaidi ya saa saba mfululizo ndipo uzitegemee mara moja, na dila anabadilishwa kila nusu saa hivi. Huyo unayemnunia alikugawia mikono mingapi kwa mwezi? Unamwonea bure.

Kiti cha Tisa
Sikuomba darasa.

Hesabu Haidanganyi
Na bakshishi hukuombwa pia, mbona umeitaja?

Mkwara Mtupu
Kwenye bakshishi msimamo wangu: nikishinda natoa, nikishindwa sitoi, na dila asininunie. Yeye hajanipa ushindi, amegawa karata tu.

Mswahili wa Dallas
Ndugu yangu, inategemea uko wapi. Huku Texas klabu za poka hazikati kwenye mzigo unaoshindaniwa, sheria inawabana, kwa hiyo zinatoza kiti kwa saa. Dila anaishi kwa bakshishi. Dola 1 kwa mzigo wa kawaida, 2 au zaidi ukiwa mnono. Usipotoa hutatukanwa, ila utajulikana. Nevada dila akipewa chipu anaigonga kwenye kingo ya trei ya chipu kabla ya kuitia mfukoni, ili supavaiza na kamera wajue ni zawadi, si wizi. Nilipofika nikadhani ananigongea mimi, nikagonga meza kumjibu. Kumbe kugonga meza ni kupitisha zamu. Nikawa nimepitisha zamu nikiwa na malkia watatu.

Kopa Saba
😂😂 Ugeni mzigo.

Mswahili wa Dallas
Jambo lingine, lugha. Mkono ukiwa unachezwa ni Kiingereza tu. Tulikaa Wakenya wawili, mwenzangu akaniambia "aisee huyu anapiga mkwara", dila akasimamisha mchezo. Onyo la kwanza. La pili tungetolewa.

Bibi wa Shupaza
Hata Dar ilikuwepo hiyo. Ila nani atamzuia Mswahili kuguna? "Mmh" moja tu ya kiti namba 3 ilikuwa na taarifa kuliko hotuba.

Ustadh wa Darajani
Kamari ni haramu. Mnapeana uzoefu wa moto.

Mkwara Mtupu
Ustadh, karibu, kiti namba 5 kiko wazi.

Ustadh wa Darajani
Mfanyie masihara mama yako.

Dalali wa Riva
Jamani turudi kwenye mada, ugomvi wa dini una nyuzi zake.

Mlinzi Mstaafu (Mombasa)
Nyote mmeongea, sasa nipeni nafasi. Mimi sikugawa karata, nilisimama mlangoni miaka minne na ukumbini miwili. Kulikuwa na mteja, kila usiku yuko meza ya poka, fundi wa majokofu. Dila mmoja, kijana mpole, alikuwa jirani yake kabisa, ukuta kwa ukuta. Mkewe kila asubuhi akimuuliza yule kijana, "Hukumwona baba Salma huko kwenu?" naye hujibu, "Sikumwona mama."

Basi siku moja saa kumi usiku nimeshika mlango, naona mwanamke anakuja mbio, kajifunga leso mbili, mtoto mgongoni. Nikamwambia mama, mtoto haingii, sheria ni miaka 18. Akanambia, "Na babake ana miaka mingapi?" Nikiwa bado natafuta jibu kashapita.

Kafika mezani. Mumewe kasukuma chipu zote, shilingi elfu 86 za Kenya ziko katikati, karata nne zimefunuliwa, bado ile ya mwisho. Mama hakusema neno. Kamfungua mtoto mgongoni, kamkalisha juu ya meza. Katikati. Juu ya chipu.

Chaji imebaki 2%, narudi.

Niko Kadi (Nairobi)
ATI NINI?

Kopa Saba
Mlinzi usitufanyie hivyo. Weka mwendelezo.

Kiti cha Tisa
Nimeweka kiti, naweka na kahawa.

Hesabu Haidanganyi
Wakati tunasubiri: Bibi wa Shupaza, kuhusu yule mzee, kiti namba 1 na kile cha mwisho ndivyo vinavyozolewa sana. Ushauri kwa wachezaji: usikae hapo kama huna…

Niko Kadi (Nairobi)
Bro, tulia. Tunangoja mtoto.

Mama Ntilie wa Posta
Kwangu mimi dila alikosea. Jirani anakuuliza, unamficha? Watoto wanalala njaa wewe unatunza siri ya kasino?

Bibi wa Shupaza
Mama, ukisema umemwona umefukuzwa kazi. Tulikatazwa hata kupanda gari la mteja saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, yeye anaelekea Mbagala na wewe Mbagala. Mteja akiomba namba ya simu akurushie "ya soda" unamwambia chipu iwekwe mezani, mbele ya kamera. Ukipokea kwa simu kesho watauliza ulimfanyia nini.

Mkwara Mtupu
Mimi namba niliomba na nilipewa. Sasa ni mke wangu.

Kopa Saba
Aliacha kazi kwanza au ulimponza?

Mkwara Mtupu
Tupite.

Mlinzi Mstaafu (Mombasa)
Nimerudi, umeme ulikatika pia. Mtoto kakaa, kashika chipu ya 1,000, kaitia mdomoni. Supavaiza kaja rangi imemtoka, hajali mke wala mume, anachoona ni mtoto wa miezi minane yuko eneo la kamari na kamera zinachukua. Anasema, "Mtoeni mtoto!" Nani amtoe? Kila anayenyosha mkono anaonekana anachukua chipu.

Mama akamgeukia dila. Akamtazama muda. Akamwambia, "Na wewe hukumwona."

Yule kijana alikuwa kashika karata mkononi. Wallahi nilidhani atazitupa akimbie. Akaziweka chini taratibu, akageuza viganja kwa kamera, akasema kwa sauti ile ile ya kila siku, "Samahani mama. Mkono haujaisha." Kisha akamwomba mpinzani amnyanyue mtoto, kwa sababu ndiye ambaye hakuna mtu angemshuku kumsaidia fundi. Muhindi mmoja mtu mzima, akambeba, akampa ufunguo auchezee.

Na yule baba, hamtaamini, aliinua kidole: "Mama Salma, dakika moja tu, imebaki karata moja."

Niko Kadi (Nairobi)
"Dakika moja tu." Wanaume tumekwisha.

Mama Ntilie wa Posta
Huyo ningemgawia mimi.

Mlinzi Mstaafu (Mombasa)
Karata ikatoka, saba ya uru. Fundi alikuwa na ree (esi) na malkia, mezani malkia mmoja. Muhindi alikuwa na saba mbili. Akashinda na mtoto mkononi. Akasukuma noti kadhaa kwa yule mama, mama akazisukuma nyuma. Akamchukua mtoto, akaondoka. Mume akamfuata, viatu vimebaki chini ya meza.

Hesabu Haidanganyi
Saba mbili dhidi ya jozi ya malkia, karata moja imebaki: zilibaki saba mbili kati ya karata 44. Kama asilimia 4.5.

Kopa Saba
Hesabu, kuna siku utapigwa.

Dalali wa Riva
Na ile chipu ya mdomoni ilihesabiwa kwenye mzigo?

Mlinzi Mstaafu (Mombasa)
Ilifutwa na kitambaa, ikahesabiwa. Yule kijana dila alihama nyumba mwezi ule ule.

Kiti cha Tisa
Basi nami nikiri. Yule dila mwenye mkono mbaya nilimrushia karata usoni siku moja. Hakusema kitu, aliziokota akaendelea kugawa. Siku ya pili nilimwekea chipu ya 10,000, akaniambia "asante bosi" kama vile ya jana haikuwepo. Nikajisikia vibaya zaidi kuliko angenitukana.

Hesabu Haidanganyi
Kwa hiyo mkono wake si mbaya.

Kiti cha Tisa
Mkono mbaya uko pale pale.

Ustadh wa Darajani
Huyo mama Salma alirudiana na mumewe?

Mkwara Mtupu
Ustadh! Kumbe unafuatilia!

Niko Kadi (Nairobi)
Bibi wa Shupaza, hukutuambia. Mzee alikwambia nini kwenye mwendokasi?

Bibi wa Shupaza
Nilimwamkia, akaitikia. Nikataka kuanza kuomba radhi, akanikata, akaniuliza kama nimeolewa. Anasema presha ilimpanda, daktari akamkataza kukesha, siku hizi anacheza bao kibarazani. Alishuka Magomeni Mapipa. Jumamosi iliyofuata baada ya kosa langu alirudi, akakaa kiti kile kile, akaweka ufunguo juu ya karata kwa kishindo meza nzima isikie, halafu akanitolea bakshishi kabla hata sijagawa. Ngoja nikawashe jiko.

Ngoja Waje
Wajuzi wamekuja?