Likizo ya Desemba: niende wapi na ubao wa mawimbi wakati bahari ya Malindi imelala?

Mwalimu wa Ghubani (Malindi)

Assalam aleikum na hamjambo nyote.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, na kwa miaka sasa nimependa mchezo wa kuteleza mawimbini kuliko kitu chochote nikifanyacho nje ya darasa. Wenyeji mnajua bahari yetu ilivyo. Kusi ikivuma, Juni mpaka Agosti, mawimbi yanaingia ghubani mbele ya mji kwa sababu upande ule hakuna mwamba wa kuyazuia kama kule kwenye hifadhi ya bahari. Jumamosi alfajiri niko majini, na saa mbili unusu upepo ukishaamka na kuanza kuyachafua, mimi natoka. Halafu kaskazi inafika. Maji yanakuwa meupe na matulivu, wenye mashua za vioo wanafurahi, Waitaliano wanajaa mjini, na ubao wangu unakaa ukutani nyuma ya mlango mpaka mwaka mwingine.

Tatizo langu ni kwamba likizo ndefu ya walimu inaangukia hapohapo, Novemba na Desemba. Mwaka huu zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana pesa imefika na nimeamua pesa ile itanipeleka palipo na mawimbi. Nimesikia Moroko, nimesikia Durban, nimesikia Sri Lanka. Binamu yangu aliyeko Marekani ananiambia Hawaii tu, mengine yote ni kupoteza nauli.

Nijieleze ili mnishauri vizuri. Nasimama kwenye ubao bila shida, nageuka kulia na kulifuata wimbi ubavuni likiwa la kimo cha kifua. Kushoto bado najifunza. Wimbi la kunipita kichwa silitaki, wala sitaki kuvunjikiwa na maji juu ya mwamba. Ubao wangu ni wa futi 7 na nusu. Navaa hijabu, kwa hiyo majini naingia nimejisitiri mwili mzima, na sitaki kwenda mahali ambapo nitatumia likizo yote nikikodolewa macho. Nitasafiri peke yangu. Wenye ujuzi, nisaidieni.

Kijana wa Mayungu

Mwalimu shikamoo. Kwa nini uende mbali? Kaskazi ndiyo raha yetu sisi wa kaiti, tunaovutwa juu ya maji na tiara kubwa. Njoo Mayungu Januari uone, upepo unashika tangu mchana na anga lote limejaa rangi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuifuata pepo hii, na wewe unataka kuikimbia. Kaskazini mwa mji nako, Che Shale, ni hivyohivyo. Pesa ya chama nunua kaiti ya mtumba, utacheza kusi na kaskazi mpaka uchoke.

Mwalimu wa Ghubani

Marahaba mwanangu. Nawaona na nawapongeza. Lakini ninachokipenda mimi ni lile wimbi lenyewe linapokunyanyua na hakuna kamba mkononi wala kitambaa angani. Kaiti ni mchezo mwingine.

Msomi wa Agadir

Dada, mimi ni mtu wa Lamu, nasoma Agadir, Moroko. Taghazout ni kijiji kiasi cha kilomita 20 kaskazini mwa mji huu, na wakati wa baridi ndipo msimu wake unapokolea. Dhoruba za Atlantiki ya kaskazini zinasukuma mawimbi mpaka huku, kuanzia Oktoba hadi Machi, na rasi za pwani hii zinayakunja yakawa marefu na yenye mpangilio. Lile linalotajwa sana, Anchor Point, liache. Ni la watu waliobobea na siku kubwa linatisha. Kwa kiwango chako nenda Tamraght, au upande gari kwenda Imsouane, mbele zaidi kaskazini. Pale ghubani wimbi ni la kulia, la polepole, na refu sana. Wewe mwenye kupenda kulia utalia machozi ya furaha.

Jambo ambalo mtu wa Malindi lazima alijue ni baridi. Desemba na Januari maji hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na wewe umezoea maji ya nyuzi 27 au 28. Hapa huingii bila suti ya mpira yenye unene wa milimita 4 kifuani na 3 mikononi. Siku za kwanza nilihisi nimefungwa gunia la mchanga, mikono inachoka kabla sijafika nje kwenye mawimbi. Unazoea. Na kwa upande wa sitara ni nafuu kubwa: kila mtu, mwanamume na mwanamke, amefunikwa kuanzia shingo hadi kifundo cha mguu, unaongeza kofia ya mpira kichwani na hakuna anayejua nani ni nani. Adhana unaisikia ukiwa majini. Chakula hutaulizia kama ni halali.

Viza ishughulikie kabla hujagusa tiketi.

Wa Kilindini

Durban kwa Mkenya ni rahisi kwa karatasi. Tangu Januari 2023 tunaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka. Maji ya Desemba ni ya vuguvugu na fukwe za mjini zina nyavu za papa zilizoanza kuwekwa mwaka 1952. Ila mwalimu ajue mawili. Kule Desemba ni kiangazi na likizo ya shule zao, ufukwe unafurika. Na upepo wa kaskazi-mashariki unatoka baharini na kuyavuruga mawimbi ikifika saa nne au tano, kwa hiyo ni alfajiri tu. Msimu mzuri wa Afrika Kusini ni baridi yao, Juni hadi Agosti, wakati mawimbi ya ufukwe wa Jeffreys Bay yanapowaka. Miezi hiyo wewe unayo yako hapo nyumbani.

Nahodha wa Shela (Lamu)

Mwalimu, salaam kutoka Shela. Nimesoma maneno ya wenzangu na yote ni ya kweli. Mimi nimeishi kwa bahari hii tangu utoto, nimeendesha mashua, nimepeleka wageni na mbao zao mbele ya machuguu yetu ya mchanga ambako hakuna mwamba wa kukinga, na nilipata kufanya kazi kwenye jahazi la kifahari lililokaa Sri Lanka kaskazi nzima. Naomba unisikilize kwa utulivu maana swali lako nalipenda.

Usichague mahali kwa picha. Chagua kwa upepo.

Wimbi zuri lina mambo mawili: lizaliwe mbali, na likifika pwani likute upepo usiolivunja. Katika Bahari yetu ya Hindi mawimbi ya mbali yanazaliwa kusini kabisa, kwenye dhoruba za kuelekea Antaktika, na yanasafiri siku nyingi kuja juu. Juni na Julai huko ni baridi kali, dhoruba zina nguvu, na kusi inayasindikiza mpaka ghubani kwenu. Desemba dhoruba hizo zinapungua, ila hazifi. Yanayofika kwetu yamedhoofika, yanakutana na mwamba, na kaskazi inayapiga kutoka upande ule mwingine. Ndiyo hiyo bahari yako iliyolala.

Sasa tazama ramani. Kaskazi hiyohiyo inayokulazia Malindi inavuma Sri Lanka pia, ikitoka kaskazini-mashariki. Lakini pwani yao ya kusini-magharibi, kuanzia Hikkaduwa, kupita Galle, Midigama, Weligama, imekaa nyuma ya kisiwa. Upepo unavuka nchi kavu kwanza, kisha unatoka kwenda baharini, unalikabili wimbi usoni. Unajua umande wetu, ule upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, unavyolishika wimbi likasimama, uso wake ukawa laini kama nguo iliyopigwa pasi? Kule unaupata asubuhi, na siku nyingine mpaka mchana. Mei upepo ukigeuka, pwani hiyo inachafuka na watu wote wa mbao wanahamia upande wa mashariki, Arugam Bay. Majahazi ya mababu zetu yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa kalenda hiyohiyo.

Kwa mtu wa kiwango chako ningesema Weligama. Ni ghuba pana ya mchanga, chini hakuna mwamba wa kukukata. Ndani karibu na ufukwe kuna povu la wanafunzi, mia wanaanguka na kuinuka. Usibaki hapo. Piga mikono upite nje, na ukifika pale wimbi linapoinuka bado kijani, halijavunjika, kaa juu ya ubao wako uangalie kwanza seti mbili tatu za mawimbi zinavyoingia. Utaona kisiwa kidogo chenye nyumba moja ndani ya ghuba, kinaitwa Taprobane, kitumie kama alama ili ujue mkondo unakupeleka wapi. Ukipata imani, sogea Midigama siku wimbi likiwa dogo. Kuna la kushoto pale ambalo wenyewe wanaliita Lazy Left, na kweli ni pole, litakufundisha huo upande wa kushoto unaosema bado. Liko juu ya mwamba lakini maji yake si haba. La jirani yake, Ram's, ni fupi na kali juu ya mwamba uliokaribia uso wa maji. Hilo lipite.

Kuna jambo moja litakushangaza. Sisi maisha yetu yote yanakwenda na bamvua na maji mafu. Malindi maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, ukikosea saa unabeba ubao juu ya mchanga mtupu. Kule kujaa na kupwa hakufiki hata mita moja. Utachelewa kuzoea kwamba wimbi la asubuhi na la alasiri linavunjika karibu mahali palepale.

Na kuna watu. Ghubani kwenu mko wachache na mnajuana. Weligama ni wageni wengi, na wengi wao hawajui adabu ya maji. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye haki. Mwingine akilipanda mbele yake amemnyang'anya, na hapo ndipo watu wanapogongana. Ukiona mtu yuko ndani zaidi yako, mwachie, hata kama wimbi unalitamani. Ukiwa ni wewe mwenye haki, piga kelele usikike, usione haya. Ubao usiuachie kamwe ukidhani kamba ya mguuni itatosha, maana nyuma yako kuna kichwa cha mtoto wa watu.

Hawaii, mwambie binamu yako akusubiri. Desemba upande wa kaskazini wa kisiwa chao cha Oahu, Pipeline na Waimea, ni mahali pa kukaa ufukweni na kutazama wenye roho zao.

Mwalimu wa Ghubani

Nahodha, Mungu akuzidishie. Hakuna aliyewahi kunieleza kaskazi kwa namna hii, na nitaifundisha darasani kwangu muhula ujao kwenye ramani.

Naomba kuuliza matatu. Shule zinafungwa mwanzoni mwa Novemba, je niende mara moja? Ubao niuchukue? Na sitara vipi, kwa kuwa huko hakuna baridi ya kumfunika kila mtu kama Taghazout?

Nahodha wa Shela

Novemba usiende. Ni kipindi cha tanga mbili, upepo haujaamua na mvua upande ule zinanyesha bado. Subiri wiki ya kwanza ya Desemba ipite, na ujitahidi uwe umemaliza kabla ya Krismasi, kwani kuanzia hapo vyumba vinapanda bei kwa ajili ya Wazungu wanaokimbia theluji. Ingekuwa hiari yako ningesema Januari au Februari, ila najua kengele ya shule haimngojei mtu.

Ubao uache. Utapita uwanja wa ndege wa nchi za Ghuba, Uarabuni, kisha Colombo, kisha treni, na mashirika yanatoza mzigo mrefu. Pale Weligama mabanda ya kukodisha yamepangana ufukweni, ubao wa futi 7 na nusu au 8 hutaukosa. Kabla ya kulipa ugeuze, tazama mapezi kama yamekaza, pitisha kiganja ukingoni utafute ufa, na upige picha mwenye banda akikuona, ili usidaiwe ufa wa mtu mwingine. Kutoka Colombo panda treni ya pwani ya kwenda Matara, inayopita Weligama, na ukae dirisha la kulia. Bahari iko hapo chini yako sehemu nyingi za njia.

La sitara namwachia aliye mjuzi.

Bi wa Kisimani

Mwalimu, hilo niulize mimi. Nilikwenda Galle na mume wangu kwa biashara ya vito tukakaa na Weligama pia. Waislamu wapo pwani ile, ndani ya ngome ya Galle kuna msikiti mkubwa mweupe unaotazama bahari, na mikahawa ya halali ipo. Majini utaona vazi la kila aina. Wageni wako nusu uchi, lakini akina mama wa kule wenyewe wanaingia baharini na nguo zao kamili, kwa hiyo wewe na buibui lako la kuogelea hutakuwa kioja kwa mtu. Hata Mzungu anavaa mikono mirefu kwa sababu ya jua. Weligama iko nyuzi 6 tu kutoka ikweta, jua ni lile la nyumbani.

Chukua vazi la kubana kidogo, si lile pana. Pana linajaa maji na kukuvuta chini unapojaribu kusimama. Hijabu yake iwe ya kushonwa pamoja na shingo, na sketi ya juu uifunge kiunoni kwa ndani. Chagua rangi ya kung'aa, ili mwenye kuja kwa kasi akuone. Na usiku tembea na mwenyeji wa nyumba unayolala, kama ambavyo ungefanya popote ukiwa mwanamke peke yako.

Mwalimu wa Ghubani

Bi wa Kisimani, ahsante sana, hilo la sketi kiunoni nalijaribu Jumamosi hii hapahapa.

Basi ni Sri Lanka. Msomi wa Agadir, usivunjike moyo, Imsouane nimeiandika na zamu ya chama itazunguka tena. Kesho naanza kuomba kibali cha kuingia kwa intaneti, kisha natafuta tiketi ya tarehe 8 au 9 Desemba. Kama kuna dada mwingine wa Malindi, Watamu au Mombasa anayeweza kusafiri siku hizo, awe ameshajua kusimama kwenye ubao au ndiyo anaanza, aniandikie tugawane chumba.