Kijana anayetoka kwenye fosta akitimiza miaka 21: aombe wapi msaada wa nyumba?

MamaUvira

Salamu kwenu ndugu zangu. Naandika kwa niaba ya kijana wa kanisani kwetu aliyeletwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu akiwa na miaka 15, bila baba wala mama, akapewa familia ya fosta, yaani familia ya kumlea kwa muda chini ya serikali, kupitia mpango wa watoto wakimbizi wanaofika bila wazazi. Kama ilivyo kwa wengi wetu tulioandikishwa kambini, karatasi zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Kwa hiyo siku atakayotimiza miaka 21, ambayo katika jimbo letu ndiyo mwisho wa malezi, itaangukia katikati ya baridi, tena ofisi zote zikiwa zimefungwa kwa Mwaka Mpya. Anasoma chuo na jioni hupanga mizigo ghalani. Kesiwoka wake, yaani mtumishi wa ustawi anayeshughulikia kesi yake, amebadilishwa mara tatu mwaka huu, na huyu wa sasa alimpa karatasi moja tu yenye namba za simu za malazi ya watu wasio na makao. Nilimpeleka hausing, yaani ofisi ya nyumba za msaada, tukaambiwa kwamba orodha ya Section 8, ile vocha ya serikali ya kusaidia kulipa kodi ya nyumba, imefungwa. Mimi mwenyewe naishi kwa vocha ya Section 8 pamoja na watoto wanne, na nilikuwa tayari alale sebuleni, ila jirani amenitia hofu kwamba naweza kunyang'anywa vocha yangu. Tuanzie wapi?

Nilipita_humo

Mama, pole kwa mzigo huo, na asante kwa kumbeba mtoto ambaye si wa tumbo lako. Orodha iliyofungwa isiwakatishe tamaa, kwa sababu vocha anayostahili kuulizia haipitii foleni hiyo. Inaitwa Foster Youth to Independence, wengi huiita FYI, na wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, ilianza kuitoa mwaka 2019. Ni ya vijana wenye miaka 18 na kuendelea ambao hawajatimiza 25, waliokuwa kwenye fosta wakiwa na miaka 16 au zaidi, ambao wameshatoka au wanakaribia kutoka, na ambao hawana nyumba au wako hatarini kuikosa.

Kosa mlilofanya, ambalo nami nililifanya, ni kwenda hausing mikono mitupu. Anayefungua mlango ni idara ya ustawi wa watoto: ndiyo inayothibitisha kwamba kijana alikuwa chini ya malezi yake na kupeleka jina lake hausing, kisha hausing ndiyo inayoomba vocha HUD. Nilipotoka, mtumishi mmoja aliniambia nijaze fomu mtandaoni na nisubiri. Nikasubiri miezi mitano nikilala kwenye kochi la rafiki, viatu vikiwa chini ya mto ili nisimwamshe nikitafuta viatu gizani alfajiri. Kilichonitoa hapo ni barua pepe ya mistari miwili ambayo mshauri wa chuo alimwandikia msimamizi wa idara, akiitaja vocha kwa jina lake kamili. Mtajieni kesiwoka jina hilo kwa maandishi. Maneno ya mdomo huondoka na kesiwoka anapohamishwa.

Mkalimani_wa_mtaani

Naunga mkono, na nitaongeza machache kwa kuwa nimetafsiri vikao vya namna hii mara nyingi.

Siku 90 kabla ya tarehe 1 Januari ni tarehe 3 Oktoba, na hiyo ndiyo tarehe ya kuishika. Sheria ya fosta ya mwaka 2008 inataka katika siku 90 za mwisho mpango wa kutoka uandaliwe pamoja na kijana mwenyewe, na makazi ni miongoni mwa mambo yanayopaswa kutajwa humo. Karatasi ya namba za simu si mpango. Kwa kuwa aliingia kupitia mpango wa wakimbizi, ombeni idara ijibu kwa maandishi kama inamhesabu kuwa kijana wa fosta kwa ajili ya vocha hii, kwa sababu uthibitisho huo unatoka kwao na hausing haiwezi kuubuni. Kuwa mkimbizi au kuwa na grinikadi hakumzuii kupata msaada wa nyumba wa serikali kuu.

Akiipata, kwa kawaida atalipa takriban asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato yanayoruhusiwa. Kipato hicho kikiwa dola 1,200 kwa mwezi, sehemu yake ni kama dola 360. Vocha hudumu miezi 36, na inaweza kuongezwa miezi 24 mingine ikiwa, kwa mfano, anaendelea na masomo au kazi kwa kiwango kilichowekwa. Amana ya nyumba ni suala jingine, kwa hiyo aulizie mapema fedha za mpango wa Chafee, ambao ni msaada wa serikali kuu kwa vijana wanaotoka fosta, au zile zinazolingana nazo kwa vijana wakimbizi. Tena mtu wa hausing akisema kwamba mwanafunzi aliye chini ya miaka 24 haruhusiwi, msikubali haraka: kanuni hiyo ipo kweli, lakini vijana waliokuwa kwenye fosta wamewekewa njia yao ndani yake.

Baba_wa_ghorofa_ya_pili

Kuhusu sebule: jirani yako hakukosea, Mama, ila amekutisha kuliko inavyohitajika. Kinacholeta matatizo ni kumficha. Soma mkataba wako uone mgeni anaruhusiwa siku ngapi, na kama atazidi siku hizo, omba kwanza ruhusa ya mwenye nyumba na ya hausing. Ujue kwamba akiandikwa kuwa mmoja wa kaya yako, mshahara wake wa ghalani unaweza kuhesabiwa na kodi yako ikapanda. Ila kulala kwa mtu kwa sababu ya dhiki hakumfanyi aonekane ana nyumba. Ni moja ya hali ambazo kanuni huzitazama katika kuamua nani yuko hatarini kukosa makao.

MamaUvira

Asanteni sana. Jana usiku tuliandika barua pepe, yeye akiandika na mimi nikimsomea jina la vocha herufi kwa herufi kutoka hapa. Kesiwoka amejibu leo kwamba alikuwa hajawahi kuisikia, ila ameipeleka kwa msimamizi wake, na kikao kimewekwa tarehe 3 Oktoba saa nne asubuhi. Kijana ameshaomba ruhusa kazini. Mkalimani, kama utakuwa na nafasi asubuhi hiyo, tafadhali niandikie faraghani.